Mwenyekiti na Filimbi

Shoga, nimejifungia chooni hapa kwenye chama chetu cha filimbi.

Mwenyekiti amekataa tena tungo mpya. Mdomo ukaniponza, nikamwambia, "Mama, wewe mwenyewe huwezi kuzipiga. Utatuongozaje?"

Mbele ya bodi nzima. Nimesema hivyo mbele ya bodi nzima.

Akatoa filimbi yake, akafungua nota za utungo aliotoka kuukataa, akapiga. Mstari wa tatu pumzi ikakata. Akarudia, ikakata tena.

Akasema taratibu, "Ni mapafu, mwanangu. Nilizikataa kwa sababu siziwezi. Nilikuwa nawaonea wivu nyie mnaoziweza."

Kisha akawa wa kwanza kunyoosha mkono tungo zile zipite.

Wananisubiri nikaandike muhtasari wa kikao. Nitamtazamaje usoni?