Sombe ya Tarehe Kumi na Tano

Goma, Ndosho
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa tisa

Kwa mudogo wangu mupenzi Élodie,

Amani ya Bwana ikufikie huko novisiya Bukavu, kwa nyumba ya watawa, wewe na masere wote wanaokulea. Kile kikohozi ulichoniandikia mwezi wa sita kimeisha? Yale majani ya mukaratusi unayanywa kweli, ama unayamwaga nyuma ya nyumba kama ulivyokuwa ukifanya hapa kwetu? Sisi tuko wazima wa mwili. Papa anatembea vizuri, goti linamusumbua asubuhi tu, wakati wa kwenda misa. Watoto wa ndugu yetu Julienne wamerudi masomo, na mimi pia nimerudi kwa darasa langu la wadogo. Mwaka huu ni hamsini na nane kwa chumba kimoja, na nusu yao wanalia mpaka saa nne.

Barua yako ilinifika mwisho wa mwezi wa nane, kwa mikono ya yule masere aliyekuja na boti. Uliniuliza kwa nini Dative amebeba mutoto na kwenda kwa mama yake Kibati. Ukaniomba, mimi mukubwa wenu, nifike kumushauri avumilie na arudi kwa kaka yetu Aubin. Nimesoma maneno hayo mara nyingi kuliko unavyofikiri. Kama nimechelewa kujibu, usifikiri ni kazi. Acha nikueleze tangu mwanzo wa vakansi, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Unajua desturi yetu ya kiangazi. Mvua zikiisha tunaacha ile jikoni ya moshi, tunatoa masufuria nje, tunapanga mawe matatu katikati ya kiwanja cha parsele, na kila Jumapili jamaa nzima inakula hapo. Tangu Mama atuache mupishi ni mimi. Na sufuria zikichemka, mimi ndiye ninayekusanya watoto wa Julienne na wa majirani, tunatengeneza vitu: magari ya makopo ya sardini yenye magurudumu ya kandambili, mipira ya matambara, watoto wa kuchezea wa maganda ya mugomba. Élodie, mimi sina bwana wala mutoto, na sijamulilia mutu juu ya jambo hilo. Lakini zile Jumapili zilikuwa zangu.

Basi mwaka huu kila kitu kilinichosha roho. Upepo ulileta vumbi jeusi mpaka ndani ya bugali. Kuni zilikuwa mbichi, unapepea mpaka mukono unakufa ganzi. Papa, ambaye hajawahi kupika hata yai, alileta kiti chake karibu na moto kila Jumapili kunifundisha namna ya kupanga kuni. Julienne aliniachia watoto wane asubuhi mapema, akarudi saa ya kula, akiuliza kama pilipili iko. Aubin alikuja na telefone yake, akala na telefone yake, akaenda. Hakuna aliyeuliza kama nimechoka. Nikinung'unika, walicheka, wakasema Yaya ameanza.

Na tena kulikuwa na Dative.

Wewe ndiwe uliyemuleta kwetu, rafiki yako wa darasa, na wewe ndiwe uliyemuonyesha Aubin. Unamujua kuliko mimi: sauti ndogo, hana haraka, anaomba ruhusa hata ya kukamata kijiko. Mwaka huu, kwa sababu mutoto wao Umuhire amekwisha kukaa mwenyewe, alikuja kila Jumapili kutoka kwa nyumba yao ya Mapendo, akamuweka mutoto juu ya mukeka na kuniuliza nimupe kazi. Aliniita Yaya, dada mukubwa, kama unavyoniita wewe. Aliniuliza namna Mama alivyokuwa akitwanga majani ya muhogo ya sombe, namna alivyokausha samaki wadogo wa sambaza. Mimi nilimujibu kwa kifupi. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Jumapili moja ya mwezi wa saba nilikuwa nimetayarisha kazi ya watoto tangu Ijumaa. Nilikata makaratasi magumu ya maboksi, nilikusanya vipande vya vikwembe kwa fundi wa nguo, nikapika gundi ya unga wa muhogo, tutengeneze vipepeo vya kupepea moto. Dative yeye aliketi tu pembeni ananyonyesha, akiwa na majani makavu na sindano, akaanza kusuka kakapu kadogo kenye kifuniko, namna wanavyosuka kwao Rutshuru. Hakumuita mutoto hata mumoja. Lakini mumoja alikwenda kuangalia, halafu wa pili, na kabla sufuria haijachemka wote saba walikuwa kwake. Nilibaki na kopo la gundi mukononi mpaka likakauka. Yeye alinitazama, akawaambia watoto warudi kwa Yaya. Hawakurudi. Siku ile nilimuchukia, na nilimuchukia zaidi kwa sababu alikuwa amewaambia warudi.

Sasa nifike kwa tarehe kumi na tano, Sikukuu ya Mama Maria. Papa Mudogo Zéphirin aliandika kwamba atapanda boti kutoka Bukavu kuja kula nasi. Unakumbuka hakufika kwa arusi ya Aubin. Alisema ni homa, na sisi wote tulijua haikuwa homa. Hakutaka bibi-arusi anayesema Kinyarwanda aingie kwa nyumba ya kaka yake. Papa alifurahi sana aliposikia anakuja. Aubin naye, kwa mara ya kwanza, aliweka telefone mufukoni, akafagia parsele.

Dative aliomba mbele ya watu wote kwamba sombe ya siku ile apike yeye. Papa akakubali mbio mbio. Mimi ninapika sombe ya sikukuu hiyo miaka mitano sasa. Niliambiwa nichemshe mchele.

Alianza kutwanga saa kumi na mbili asubuhi. Nilitafuta kosa, sikuliona. Aliweka mafuta mekundu ya ngazi kwa kipimo, akaweka vitunguu, akaweka sambaza mwishoni, akatia chumvi, akaonja. Nilikuwa kando yake na sufuria yangu ya mchele. Halafu Umuhire akalia ndani ya nyumba, na Dative akaniomba niangalie moto kidogo. Aliporudi, Papa Mudogo alikuwa amekwisha kufika, watu wamekaa, na tukaanza kugawa.

Papa Mudogo alionja wa kwanza, kwa heshima yake. Akaweka mukono chini. Akatafuna polepole, akameza kwa shida, akasukuma sahani katikati ya meza.

Akamuuliza Papa, bila kumutazama Dative, "Hivi ndivyo watu wa kwao wanavyokaribisha wageni?"

Wengine wakaonja. Élodie, ilikuwa chumvi tupu, hata mbwa hangeila. Julienne akatema kwa kitambaa. Papa akaomba maji. Dative akaonja pia, nikaona macho yake yanajaa, lakini alisema wazi, kwa ile sauti yake ndogo:

"Nilitia chumvi mara moja. Yaya Nshobole alikuwa pale, aliona."

Watu wakageuka kwangu. Nikasema, "Mimi sikuona. Nilikuwa na mchele wangu."

Papa Mudogo akaanza kueleza alichokuwa amekiweka moyoni miaka miwili. Kwamba hawa watu hawawezi kutupenda, kwamba ukiwaingiza kwa jikoni utakuja kujua siku moja. Sitaki kuandika yote. Aliongea hivyo mbele ya watoto, na hakuna aliyemukatiza. Tulikula mchele wangu na pilipili, na watu waliusifu. Dative aliosha sahani zote peke yake, akamufunga mutoto mugongoni, akamuaga Papa kwa mikono miwili, akarudi Mapendo, Aubin akitangulia hatua kumi mbele. Siku ya tatu akaenda Kibati.

Baada ya hapo tulikula tena nje Jumapili mbili, na hakukuwa na ladha. Watoto walikuja kwangu na vikapu alivyowaanzishia Dative, ambavyo havijaisha, wakiniuliza vifuniko vinafungwa namna gani. Sikujua. Niliwagombeza, nikawaambia wakacheze. Ndipo ikaja barua yako, inayosema Dative avumilie. Papa alisema avumilie. Julienne alisema avumilie. Hata mama kiongozi wa shirika letu la kanisa alimutumia neno kwamba avumilie. Nilikuwa ninasikia hasira mpaka kichwa kinaniuma, na kwa siku nyingi nilidhani ni hasira juu yenu.

Mudogo wangu, chumvi ile niliitia mimi.

Sikuwa nimepanga tangu asubuhi, na hilo halipunguzi kitu. Alipoingia ndani, wale watoto saba walimufuata mpaka kwa mulango, wamebeba vikapu vyao. Nilibaki peke yangu kwa moto. Nilikamata kopo la chumvi, nikachota mukono mumoja nikatia, nikakoroga. Halafu nikachota wa pili. Ule wa kwanza ningeweza kuuita hasira. Ule wa pili nilijua ninafanya nini. Nilitaka tu wapate kusema sombe ya Nshobole ni nzuri kuliko yake, watamani niirudie sufuria yangu. Sikuwaza kabila. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilijua nani atakula wa kwanza, na nilijua ni mutu wa namna gani, na nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuimwaga ile sufuria na kusema imeungua. Sikuimwaga. Na walipoanza kusema mambo ya kabila, nilinyamaza, kwa sababu maneno yale yalinificha.

Jumamosi ya juma lililopita nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Kibati. Nilimukuta nje ya nyumba yao ya mbao mama yake Dative, Mama Mukamazimpaka, anachoma mahindi juu ya mbabula, jiko la makaa. Aliondoka kwa kiti chake ili nikae mimi, akanipa hindi la kwanza. Hakujua kitu. Ningependa angenifukuza. Dative alipotoka kuchota maji nilisema yote, mbele ya mama yake, kama nilivyokuandikia hapa. Mama yule aliweka kipepeo cha moto chini akaingia nyumbani.

Dative akasema, "Nilijua, Yaya. Nilikuona kutoka kwa mulango, na kopo mukononi. Nilifikiri unaongeza kidogo, na kwa sababu wewe ni mukubwa sikusema kitu."

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja siku ile. Akajibu kwamba alinitaja: alisema nilikuwa pale, akanipa nafasi. Niliposema sikuona, akamugeukia Aubin.

"Aliangalia sahani yake," akasema. "Chumvi ni yako. Lakini si chumvi iliyonitoa kwenu."

Nilimuomba musamaha kwa magoti, juu ya mawe meusi ya pale kwao. Aliniinua. Hakusema amesamehe. Alisema tu kwamba mimi nilimukana mbele ya watu, basi kusema nako kuwe mbele ya watu wale wale, wote, wala si Kibati kando ya mahindi.

Kesho yake niliwaita Papa, Julienne na Aubin, nikasema nikiwa nimesimama. Julienne alilia. Aubin hakunitukana, na heri angenitukana. Alikamata koti lake akatoka. Papa akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa mukubwa pale, kwamba ilikuwa kazi yake kumunyamazisha mudogo wake, na alichofanya ni kuomba maji. Tangu siku ile hajaleta kiti chake karibu na moto. Ninapika peke yangu, hakuna anayenifundisha kuni, na ninaona afadhali kelele zake.

Aubin amekwisha kwenda Kibati mara mbili. Mara ya kwanza Dative alimupa mutoto amubebe, akamupa chakula, akamurudisha peke yake. Jana ameenda tena, na mpaka ninapoandika hajarudi. Sijui kama hiyo ni habari njema, nami sina haki ya kuuliza.

Anabaki Papa Mudogo. Nimeomba ruhusa kwa direktrise wa masomo, na Jumamosi hii, tarehe ishirini, nitapanda boti kwenda Bukavu. Ninamuogopa, Élodie. Najua atatafuta namna ya kusema kwamba hata hivyo alikuwa na haki. Nitakaa nyumbani kwake mpaka atakaponiambia kwa kinywa chake kwamba alimusingizia mutoto wa watu, na kama hatasema, nitasema mimi mbele ya bibi yake na watoto wake, wao pia wasikie.

Jumapili yake, saa za wageni, nitafika kwa mulango wenu. Nimetanguliza barua hii kwa makusudi. Sikutaka unikumbatie bila kujua unamukumbatia nani, halafu ujue nyuma. Dative alikuwa rafiki yako kabla hajawa bibi ya Aubin, na mimi nilikuacha useme avumilie bila kujua kitu. Wakikuambia kuna mugeni wa Goma na usitake kutoka, mwambie tu masere wa mulango. Nitakaa kidogo kwa kanisa yenu, kisha nitarudi.

Papa anakubariki. Watoto wa Julienne wanakusalimia, mukubwa wao anauliza kama huko novisiya munakula nyama. Unisalimie mama mulezi wako, umuambie nashukuru kwa namna anavyokutunza. Vaa sweta asubuhi.

Mimi yaya wako,
Nshobole