Waya Ambao Hukuuchomoa

Rukia, shoga yangu,

Hukuuchomoa ule waya. Nimejua jana mchana, nikiwa peke yangu darasani, chuoni Tunguu. Miezi minane tangu tukuzike, na bado mkono ulikwenda kwenye simu kutafuta jina lako.

Unaikumbuka siku ile kwenu Tumbatu, tulipomrekodi bibi yako akisimulia harusi yake kwa Kitumbatu? Alizungumza saa nzima, kisanduku cha kurekodia kimeungwa kwa waya na kompyuta yangu. Tulipoifungua kompyuta, hamna kitu, na imeandika: kifaa kimeondolewa. Nikakugeukia mbele ya mama yako: "Umechomoa!" Ukasema, "Wallahi sikugusa waya. Nlishusha kifuniko cha kompyuta tu, mwanga unamuumiza bibi macho."

Sikukusikiliza. Draiva, ile programu inayozungumza na kisanduku cha kurekodia, niliiandika mwenyewe, na nilijiona fundi.

Jana nikajiuliza: kompyuta ikifunikwa, draiva huambiwa nini? Nikafunika, nikangoja kidogo, nikafunua. Waya upo palepale, na maneno yakatokea yaleyale! Nikarudia mara sita, nusu nacheka, nusu nalia.

Kumbe kompyuta ikitaka kulala huiambia kila draiva: simamisha kazi, hifadhi ulichonacho, nakata umeme. Ikiamka, hutaka kujua kama draiva inaweza kuendelea. Yangu haikuwa na jibu. Niliiandikia habari ya kuchomolewa tu, basi kompyuta ikahesabu kuwa kifaa kimeondoka, na sauti iliyokuwa haijahifadhiwa ikatupwa yote.

Sasa nimeirekebisha. Kabla ya kulala inahifadhi sauti. Ikiamka inatazama kama kisanduku kipo, iendelee. Hata kikichomolewa kweli, kilichokwisha kurekodiwa hakipotei. Nimechomoa kwa makusudi, tena kwa nguvu. Ungenicheka.

Ila kuna jambo sijalipatia jawabu. Kompyuta ikiwa imelala, mtu akichomoa kisanduku akachomeka kingine kilichofanana nacho, draiva itajuaje kuwa si kile? Swali kama hilo ungeniuliza wewe, Rukia, nami ningejifanya najua.

Mola akunawirishie kaburi lako. Uliondoka hatujalizungumza tena jambo lile, na wewe hukunionyesha kinyongo hata siku moja.

Ijumaa nnakwenda kwenu. Nakuahidi, nitakaa mkekani mbele ya mama yako na bibi, niwaambie kwamba ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekosea.

Shoga yako,
Zuhura