Begi la Yusra

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo ameletwa Yusra. Miaka kumi na miwili. Ametoka nyumba ya watoto, na kabla ya hapo alilelewa kwa watu wawili, wote wakamrudisha. Kumrudisha mtu! Kama sufuria iliyotoboka. Bi Rispah wa ofisi ya watoto asema tumlee, tuangaliwe kwanza. Na niangaliwe. Msambweni nzima yanijua mimi Mbwana, mkwezi wa minazi ya mahoteli.

Shikamoo aliitoa akitazama sakafu. Mke wangu Mwanatumu akamfungulia sanduku lake la harusi, lile ambalo bawaba zake hulia, atie nguo. Akasema asante, amezoea begi. Usiku kalilalia.

Nikampa hadithi yangu ile ya mnazi wa Galu, mrefu hata nilipofika juu niliwaona watu wa Tanga wanakunywa chai, mmoja hana sukari. Hakucheka! Hapo hucheka hata imamu.

Ijumaa, 5 Septemba

Mwanatumu kaona chapati ndani ya begi, imeota ukungu. Akataka kumsema, nikamzuia. Baadaye Yusra mwenyewe akaniambia, polepole, kwamba nyumba moja kabati la chakula lilitiwa kufuli.

Leo chapati zimepikwa za kubaki. Siongezi neno.

Jumanne, 9 Septemba

Nanoa panga langu la kazi. Akaja, akasimama.

"Mjomba, yule wa Tanga, sukari alipata?"

Mjomba! Na kumbe alisikia! Nikamwambia yule mtu alinipungia mkono, nikamrushia dafu, likatua mezani, hata kikombe hakikutikisika.

"Uongo!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Vumbi lilikuwa jingi leo, likaniingia machoni.

Alhamisi, 18 Septemba

Balaa! Bi Rispah alikuja sisi hatupo, akamuuliza Yusra anaishije. Mtoto kamwambia ana chumba chake, kitanda cha mvule, biriani kila siku, na kwamba nyani wa Diani mjomba wake akiwatazama huomba radhi. Bi Rispah akageuza shingo, akaona pazia la leso na kitanda cha kamba.

Nimerudi, kanishika: "Mzee, nani amemfundisha huyu mtoto? Anayedanganya hivi huwa anaficha mateso. Nitarudi Alhamisi ijayo. Nikiona kuna kitu hapa, namtoa."

Itakuwa nyumba ya tatu kutolewa!

Mwanatumu akaniambia, "Bwana wee, hayo ni mafunzo yako."

Nikamuuliza Yusra kwa nini. Akasema kule kwingine alisema kweli, akaondolewa. "Nikaona leo niseme vizuri, kama wewe."

Sikula.

Alhamisi, 25 Septemba

Bi Rispah yuko ndani. Alianza na mimi. Nikamwambia kitanda ni cha kamba. Wali tukiupata, siku nyingine sima na mchicha. Minazi ya Galu nimeikwea, Tanga sijaiona. Nyani huniibia ndizi. Mtoto hapigwi, hanyimwi, na uongo kaupata kwangu. Kusema kweli mfululizo kunachosha kuliko kukwea! Bi Rispah hakutabasamu. Kanitoa nje, kamwita Yusra.

Niko jikoni nyuma, naandikia gotini. Ukuta ni wa udongo, nasikia.

Kamuuliza kama anataka kukaa. Kamuuliza tena. Sema, mwanangu!

Sasa Bi Rispah kasema, "Haya, niletee begi lako."



Yusra ajibu, "Begi halipo. Bi Mwanatumu ameenda nalo sokoni, atie nazi."

"Na nguo zako?"

Hapo sijui. Kweli Mwanatumu yuko sokoni, lakini alivyotoka sikumwona alibeba nini. Huenda ni kweli. Huenda ni ya aina yangu. Bi Rispah naye ashamkamata mara moja.

"Nionyeshe," asema.

Nyayo zaenda upande wa pazia. Zimesimama.

Bawaba za sanduku la harusi zinalia.