Migunga Yako Imebaki Nusu

Baba,

Shikamoo. Sitegemei uitikie. Hata ulipokuwa hai uliitikia kwa kuinua kidevu tu, macho yakiwa kwenye viriba vyako vya miche.

Habari za hapa Dirma ni kwamba mwanao mkubwa bado hana akili. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usinitafutie makosa ya uandishi kama ulivyozoea. Siku tulipokuzika, Bonifasi alitangaza mbele ya waombolezaji wote kwamba kaburi la mwalimu haliwezi kukaa katikati ya miiba ya migunga kama la mtu asiye na watoto. Haukupita muda akashuka kutoka Mbulu na pikapu imejaa misaiprasi, miche mirefu ya kijani, kama ile inayozunguka makaburi ya kanisani kwao. Kila mche umekaa kwenye udongo mweusi wa mlimani, laini, ulioshiba mbolea. Akaipanda kukuzunguka. Ardhi yenyewe imevimba magadi meupe, na yeye anamwagilia maji huku amevaa viatu vya misa! Majirani wakampongeza. Watu wamezaliwa kwenye magadi haya, kila siku wanaona ng'ombe wakiiramba ardhi, halafu wanampigia makofi mtu anayepanda misaiprasi juu yake.

Ikaanza kukauka kwenye ncha, ikashuka mpaka chini, ikawa rangi ya chai ya rangi. Bonifasi akasema kuna mtu kamwaga dawa. Nilicheka mpaka Mama akanifinya. Mtu gani apoteze dawa yake kwa kazi ambayo chumvi inaimaliza yenyewe?

Ungekuwepo ungemfundisha palepale. Nakumbuka siku uliyong'oa mche wa mgunga, ukaukung'uta, ukanionyesha vinundu kwenye mizizi. Ulikipasua kimoja kwa ukucha, ndani kikawa chekundu kama nyama. "Humu ndimo wanamokaa," ukasema, yaani wale bakteria wanaoikamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Ukaniambia kwamba bakteria waliozoea udongo mtamu, usio na chumvi, wakiletwa huku wengi wanakufa, kwa hiyo mti unabaki na njaa hata kama wenyewe unaivumilia chumvi. Ndiyo maana hukujaza viriba kwa udongo wa mlimani. Ulichota chini ya mgunga mzee uliojiotea kule kwenye magadi, ukachanganya na samadi kidogo, na kabla ya kupanda ukainywesha miche maji ya kile kisima chetu kibaya cha chumvi, leo kidogo, kesho zaidi kidogo, mpaka ikazoea. Mizizi inaizuia chumvi nyingi mlangoni, ulisema, na ile inayopenya mti unaisukumia kwenye majani yaliyozeeka, yanaanguka nayo. Wapita njia walikutania kwamba mwalimu mstaafu anaipikia miche supu. Wewe ulijua kudharau bila kufungua mdomo. Mimi dharau nimeirithi, mdomo ndio unanishinda kuufunga.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Juzi tulikuwa tunajiandaa kwa misa ya kumbukumbu yako. Bonifasi alipofika akaona aibu: misaiprasi yake imekufa imesimama, na nyuma yake migunga yako imetanda, mahindi ya Mama yamestawi kando yake, na kwingine kote hakuna kitu. Badala ya kujifunza, akachukua panga, eti anasafisha nafasi ya kufunga maturubai. Mama alikuwa ameenda sokoni Katesh. Nilisikia milio nikakimbia, nikamkuta ameshaangusha safu nzima ya upande wa mashariki. Yale mahindi ndiyo chakula cha Mama cha mwaka, Baba. Migunga ndiyo inayoulisha udongo ule; ikiisha, shamba lile linarudi kuwa la kurambwa na ng'ombe.

Nilimtukana. Nilimwita mjinga, nikamwita mzigo, nikamwita kichwa cha kubebea kofia. Nilitumia maneno yako yote uliyokuwa ukimwambia alipoleta ripoti ya shule. Nimeyakariri, maana nilikuwa nikiyasikia kupitia ukutani. Yeye akaliacha panga lining'inie mkononi, akasema taratibu, "Miti hii alikuwa anaisifu kila asubuhi. Mimi hakuwahi kunisifu hata siku moja."

Ni kweli, Baba. Mimi mwenyewe nimekusikia ukiuambia mche, "Safi sana, kijana wangu." Kijana wako alikuwa ndani anafuta viatu vyako. Mtu mzima yule, ana mke na watoto, alikuwa analia mbele yangu kwa kuuonea wivu mti wa miiba. Nilitaka kumdharau, ndivyo nilivyozoea, na dharau ikagoma. Ikageuka, ikaanza kukutazama wewe. Mche wa mgunga wewe ulijua kuuzoesha kidogo kidogo, lakini mwanao ulimmwagia chumvi yote tangu ana miaka saba, halafu ukashangaa kwa nini hastawi! Naona aibu kukuandikia hivi, lakini nimeshaandika na sifuti.

Mama aliporudi aliitazama ile safu. Alikusanya matawi akayafanya kuni, akapika, na sahani ya kwanza akampa Bonifasi. Misa ilisomwa, na turubai likafungwa upande wa pili wa nyumba, ambako nafasi ilikuwepo siku zote.

Basi pumzika, Baba. Nakupenda, ingawa leo umeniudhi kuliko yeye. Nakuahidi kwamba migunga iliyobaki haitaguswa, na mvua zikianza nitaotesha mingine. Wa kwanza ataupanda Bonifasi kwa mkono wake, pale kichwani pako. Atavuruga kazi, namjua. Shimo litakuwa fupi, na atakuja tena na vile viatu. Mimi nitasimama pembeni nimeuma meno, na akimaliza nitamwambia kwa sauti, na wewe usikie, kwamba amefanya vizuri, hata kama ameupanda kichwa chini.

Binti yako,
Fabiola