Wali wa Leo Hauna Ukoko

Lucia na Maiko,

Wali uko kwenye hotpoti, maharage kwenye sufuria nyeusi. Fungieni kuku mapema. Mama mdogo atakuja kulala na nyie. ~~Mchele wa Usevya msiuguse, ni wa wageni.~~ Huu wali ukiisha, upikeni tu, msisubiri wageni.

Mimi na baba yenu tunawahi basi la Sumbawanga, kesho Mbeya. Mlipotoka kwenda shule, daktari alipiga simu. Ile picha ya kichwa imesomwa. Nina uvimbe kwenye ubongo, kwa mbele, umebana mshipa wa kunusia. Ndiyo maana kichwa kinaniuma kila nikiamka, na wali ulikuwa unaungua nimekaa pembeni yake. Wanataka kuutoa huo uvimbe.

Kwa hiyo Maiko, lile jina la Mama Ukoko ulilonipa, usoni nilicheka ila moyoni liliniuma. Sikuwa mzembe. Mimi ni mpishi tangu sijaolewa.

Na wewe Lucia, mimi na baba yenu tulikuwa tunanuniana kwa ajili ya wali, wewe ndiye ukasema, "Mama hasikii harufu, apelekwe hospitali." Najivuna kukuzaa.

Wali huu nimeupika baada ya simu. Harufu siisikii, basi nikainamisha sikio nikasikiliza sufuria mpaka maji yakanyamaza, nikaepua. Haujashika hata punje.

Mkifunua, nuseni kwanza ndipo mle. Halafu nipigieni mniambie. Najua unanukia, nataka tu nisikie.

Mama yenu,
Mama Ukoko mstaafu