Madafu ya Kaka Salumu

Mume wangu Shabani,

Assalamu alaikum. Huku Ikwiriri hatujambo, ufuta tumeshavuna, na dada yako kajifungua mtoto wa kike. Ila mimi moyo hautulii tangu uliponieleza kutoka huko hospitali kwamba figo zimefeli na daktari anataka uanze kusafishwa damu. Unaniuliza kama mashine hiyo ya kusafisha damu inamfaa mtu mwenye virusi vya ukimwi kama wewe.

Nilipokuwa kijana, enzi zile za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, kaka yangu Salumu aliugua ukimwi, kisha figo zikafeli. Hospitalini walituambia mwenye ukimwi hawekwi kwenye mashine. Tukarudi naye nyumbani, miguu imevimba. Majirani wakaacha hata kumpa mkono. Siku moja wakaja na madafu, wakayaweka kizingitini.

"Mpe, yanasafisha figo."

Daktari alikuwa ameyakataza kabisa, kwamba yana madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, na yangeweza kumsimamisha moyo. Nikayaokota, nikasimama nayo mlangoni; ilikuwa mara yao ya kwanza kuja tangu augue. Salumu akasema kutoka ndani, "Yanywe wewe, dada. Wao waambie waingie."

Hakuna aliyeingia.

Siku hizi mwenye virusi anawekwa kwenye mashine, daktari wako mwenyewe kakwambia. Usikatae, mume wangu, nakuomba. Jumatatu nakuja na basi la kwanza. Madafu sileti. Waambie manesi waniwekee kiti karibu na kitanda chako. Mimi naingia.

Mkeo mzee,
Bibi Mwanaidi