Mbeleko Yenye Kiraka cha Kijani

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi goti, limepoa au bado linakuamsha alfajiri? Sisi wazima. Kidoti ameota meno mawili na anayang'ata mabega yangu kama muhindi wa kuchoma.

Uliniuliza kazi ikoje. Nasafisha nyumba ya ile familia yenye mfuko wa hisani. Baba ni mwenyekiti, mkewe katibu, na mkwe wao ndiye anayechagua michoro na sanamu za wasanii wa siku hizi. Mlangoni wameandika kwamba vyote ni kwa manufaa ya umma. Mama, mwaka wa pili huu, huo umma sijaona hata kandambili zake. Michoro iko sebuleni, iko vyumbani kwao, mmoja uko chooni unamtazama mtu akijisaidia. Siku moja waliletwa wanafunzi, wakapigwa picha getini, wakapewa juisi, wakarudishwa. Mkwe alisema watoto wana mikono michafu.

Chumba cha kulia wametundika mbeleko kumi na mbili zilizoshonwa pamoja, kazi ya msanii mmoja mwanamke. Juzi wageni wakila, mkwe akajimwagia mchuzi. Akavuta pembe ya chini akajifutia vidole, akawaambia wageni hiyo ndiyo sanaa inayoishi na watu. Wakacheka. Mimi nikaenda kusimama jikoni.

Pembe ile ina kiraka cha kijani, Mama. Unakijua, ulikishona wewe.

Basi nikuambie ukweli. Mbeleko yetu haikuibwa kambani. Niliitoa mwenyewe kliniki, msanii yule alipopita akiomba mbeleko zilizobeba watoto. Alisema zitakaa mahali pa wazi, yeyote aingie atazame. Nilitaka watu waione mishono yako. Nikaogopa kukuomba, nikakudanganya. Nisamehe.

Jana nilipewa nifue lile doa. Nikaifumua yetu uzi kwa uzi, zile kumi na moja nikazirudisha zimepigwa pasi. Nikamwambia mwenyekiti nimechukua iliyo yangu, maana huo umma ndio mimi. Akamgeukia mkewe akamuuliza nani aliyeniajiri. Mkewe akasema niache aproni, nisirudi.

Kazi hakuna, ila mikono ninayo, nitapata nyingine. Tunakuja Jumamosi. Nikishuka usikimbilie mzigo, zunguka kwanza nyuma yangu utazame alichobebewa mjukuu wako.

Wasalimie wote, na zaidi yule jirani tuliyemshuku bure. Mwambie nakuja kumwomba radhi mwenyewe.

Mwanao,
Mama Kidoti